Mwaka niliofundishwa kumgeuza mtu kitandani

Hapa Makorora kila mtu anajua kwamba nimekaa Ujerumani, na kila mtu ana Ujerumani yake. Fundi baiskeli wa pale kona anaamini nilikuwa kiwanda cha magari. Mama anayeuza mbaazi na mahamri asubuhi anaamini nilikwenda kusoma, nami nimechoka kumkatalia. Vijana wa kijiweni hawaamini lolote. Mtu aliyefika Ulaya, wanasema, harudi Tanga kupanda baiskeli. Ukweli ni kwamba kuanzia Agosti 2018 nilikaa mwaka mzima kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na Kiel, kaskazini kabisa mwa nchi ile, nikiwaogesha watu, nikiwalisha, nikiwasukuma kwenye viti vya magurudumu na kupangusa meza baada ya kahawa ya alasiri. Nilikuwa mtu wa kujitolea. Mshahara haukuwepo.

Kila inapofika miezi ya kutuma maombi wanakuja vijana kuniuliza, na wanauliza yale yale: baridi ikoje, chakula je, mtu anaweza kubaki? Huwa nawajibu. Lakini swali ninalotamani waanze nalo hawaliulizi: ukifika utapewa kazi gani, na nani atasimama nyuma yako ukiifanya? Ndege haibadilishi mtu. Nawajua waliokwenda wakarudi na koti tu.

Mpango niliokwenda nao unaitwa weltwärts. Tanga tumeuzoea kwa upande mmoja zaidi, ule wa vijana wa Kijerumani wanaokuja kwetu kufundisha chekechea au kusaidia vituo vya watoto, wakajifunza Kiswahili, wakanunua kanga, wakaondoka. Serikali yao iliuanzisha mwaka 2008 kupitia wizara yao ya ushirikiano wa maendeleo. Mlango wa pili, wa sisi kwenda kwao, ulifunguliwa 2013, na bado ni mwembamba kuliko ule wa kwanza. Umri ni miaka 18 hadi 28. Nauli, bima, pa kulala na chakula unagharimiwa, na kila mwezi unapewa hela ya mfukoni. Yangu haikufika euro 400.

Ukishafika unaandikishwa kwenye huduma yao ya kitaifa ya kujitolea, Bundesfreiwilligendienst, na historia ya huduma hiyo ilinifundisha kitu. Zamani kijana wa kiume wa Kijerumani aliyekataa kubeba bunduki jeshini alipelekwa kutumikia hospitali, nyumba za wazee, magari ya wagonjwa. Mwaka 2011 jeshi la lazima likasimamishwa, na nyumba za wazee zikapoteza mikono yote ile kwa mpigo. Julai mwaka huo huo ndipo huduma hii ya hiari ilipoanza. Nilipolielewa hilo nilinyoosha mgongo kidogo. Sikuwa mgeni wa kuonewa huruma. Palikuwa na pengo, na mimi nilikuwa mmoja wa walioliziba.

Mzee wangu alikuwa kuli bandarini, amebeba katani na saruji mpaka mabega yakapinda. Nilipomweleza habari ya safari alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini. "Sasa wewe unakwenda Ulaya kufanya kazi bila mshahara," akasema. "Hapa Tanga kazi bila mshahara zimekwisha?" Sikuwa na jibu, na hata leo naona lilikuwa swali zuri. Mama ndiye aliyesema mwacheni mtoto aende.

Pasipoti ya kielektroniki ndiyo kwanza ilikuwa imetoka mwaka ule, shilingi 150,000. Kijerumani nilikisoma Goethe-Institut, Upanga, Dar es Salaam, nikilala kwa shangazi Temeke na kurudia vitenzi ndani ya daladala. A1 kwanza, ngazi ya chini kabisa, kisha A2 kwa sababu shirika lililonichukua lilitaka hivyo. Ubalozini wanakuuliza kwa nini unakwenda na kwa nini utarudi, na utaona kabisa kwamba wanalisikiliza zaidi jibu la swali la pili. Makaratasi mengine nayaruka, yanachosha hata kuyakumbuka.

Kijerumani cha Upanga na kile cha wazee wa Kiel ni ndugu wasiosalimiana. Darasani watu huagiza kahawa na kuulizia treni. Pale mzee anakwambia, meno yake yakiwa kwenye glasi, kwamba kuna kitu kinamwasha chini ya soksi ya kushoto, tena kwa lafudhi ya vijiji vya pwani ile ambayo Wajerumani wa kusini wenyewe hawaielewi. Wiki za mwanzo nilifanya kazi kwa macho. Niliangalia mikono ya wenzangu ilikokwenda, yangu ikafuata.

Msimamizi wangu nilimwita Frau, yaani Bi, na jina la ukoo wake, kama walivyomwita wote. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, muuguzi tangu ujana, asiyecheka kabla ya kahawa. Siku ya kwanza alinitajia yasiyoruhusiwa kabla ya yanayoruhusiwa. Dawa, hapana. Hata kidonge kimoja cha kutuliza maumivu, hata mzee mwenyewe akikuomba na boksi liko mezani kwake, hukiweki mkononi mwake, unamwita muuguzi. Sindano, vidonda, mipira ya mkojo, usiguse. Kumnyanyua mtu peke yako, hapana. Mnakuwa wawili au mnatumia mashine. Kuingia chumbani bila kugonga, hapana, hata kwa yule asiyesikia wala kusema. "Humu ni nyumbani kwake," alisema, "wewe ndiye mgeni." Mwaka ukaisha sijampa mtu kidonge.

Zikabaki kazi ndogo, na hizo ndogo hakunipa zote kwa siku moja.

Kumgeuza mtu asiyejiweza, kwa mfano. Mtoto wa kuli nguvu ninazo. Akaniambia nguvu niziache mlangoni. Unapandisha kitanda mpaka kiwe usawa wa kiuno chako. Unamweleza mtu unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama hakujibu. Unakunja goti lake la upande wa mbali, mkono wako mmoja begani kwake na mwingine nyongani, unamvuta kuja kwako, naye anakuja kwa uzito wake mwenyewe. Humlazi ubavu mzima. Unamwegemeza tu, kama nyuzi thelathini hivi, ukamwekea mto mgongoni. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, ili visigino visiguse godoro kabisa. Kisha shuka. Unalinyoosha kwa viganja mpaka mwisho, maana kunjo dogo likilaliwa usiku kucha asubuhi utalikuta limeandikwa mwilini.

Halafu unaangalia ngozi: chini ya mgongo, nyongani, visiginoni, nyuma ya masikio. Ukiona pekundu unabonyeza kwa kidole na kuachia. Pakipauka kisha wekundu ukarudi, unaandika na kumgeuza. Pasipopauka, kidonda kimeshaanza na unakwenda kumwita muuguzi hapo hapo. Kwa ngozi nyeusi kama yangu kipimo hicho hakisemi vizuri. Unapapasa joto, unapapasa ugumu, unalinganisha na ngozi ya jirani, unamuuliza mtu kama panauma. Hilo sikulipata Kiel, nilikuja kulisoma baadaye, na nilishangaa kwamba wakati ule halikunijia akilini kuliuliza, mimi niliyekuwa mweusi pekee ghorofa nzima.

Asubuhi moja alinilaza mimi kitandani, akaniambia nisijisaidie kwa lolote, akanilisha mtindi akiwa amesimama. Vijiko vilikuja haraka, kutoka juu, na dari lilikuwa jeupe na taa inanichoma macho. Sikuona kijiko mpaka kilipogusa mdomo. Halafu akanikalisha wima, akavuta kiti, akakaa usawa wa macho yangu, akanilisha tena mtindi ule ule. Hakuongeza maelezo. Tangu siku hiyo sijawahi kumlisha mtu nikiwa nimesimama, na nikimwona nesi mwenzangu anafanya hivyo kiti nampelekea mwenyewe.

Kuna na maji. Mzee anaweza kushinda mchana kutwa bila kusikia kiu, mwili ukakauka, akili ikaanza kutangatanga, na watu wa nyumbani wakasema uzee umempanda. Kwa hiyo tuliandika kila kikombe: saa ngapi, kiasi gani, amemaliza au amebakiza. Asiyemeza vizuri kinywaji chake kilifanywa kizito, akanywa akiwa ameketi, kidevu kimeinama kidogo, na akabaki ameketi kitambo baada ya kula. Najua nimeandika sana habari za visigino na vikombe. Atakayechoka aruke, lakini mzigo niliorudi nao ndio huu.

Ghorofa ya pili alikuwepo bibi mmoja mwenye umri wa miaka themanini na zaidi. Wakati wa baridi kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na giza likishaingia tu yeye alivaa koti, akachukua mkoba, akasimama mbele ya lifti. Anakwenda kumtafuta mama yake. Wenzangu walinieleza. Alizaliwa Prussia ya Mashariki, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Poland na Urusi, na kipande kidogo Lithuania. Majira ya baridi ya 1945, jeshi la Urusi linakuja, watu wa huko walikimbia kwa miguu na mikokoteni juu ya barafu iliyofunika ghuba, kisha wakapanda meli kuvuka Baltiki. Jimbo nililokuwepo, Schleswig-Holstein, lilikuwa na watu kama milioni 1.6 kabla ya vita. Baada ya vita lilikuwa na karibu milioni 2.7. Wageni walilazwa madarasani na kwenye mabanda, wenyeji wakinung'unika kwamba wanamalizwa chakula. Mimi nimekua nikiamini mkimbizi ni mtu wa Kigoma, wa kambini, mweusi. Hakuna darasa lililowahi kunionyesha mkimbizi wa Kijerumani.

Frau alinipa maagizo mawili. Usimwambie kwamba mama yake amekufa, maana kila ukimwambia anafiwa upya. Na usimdanganye kwamba anakuja kesho. Muulize mama yake yukoje. Basi nilimuuliza. Akanieleza kwa sentensi fupi nilizoweza kuzifuata: nywele alizosuka, bata bukini waliowafuga, mkate aliokuwa akiuficha kabatini. Tulitembea ukumbi ule kwenda na kurudi, yeye na koti lake, mimi na sare, mpaka chakula cha jioni kilipoletwa. Jioni moja alisimama akanitazama. "Na wewe unamtafuta nani?" Nikamwambia mama yangu yuko Tanga, ni mbali. Akanishika mkono akasema basi twende wote.

Mengine nitayapitia mbio, wengi wamekwisha kuyasimulia. Chakula cha jioni ni mkate baridi, na hutakizoea. Jumapili maduka yamefungwa, na hata kutupa chupa kwenye pipa la vioo ni kosa kwa sababu ya kelele. Chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Ramadhani ya 2019 iliangukia Mei, na kuelekea mwisho wake jua lilikuwa likizama karibu saa nne kasorobo usiku. Mpishi wa pale, asiye na dini yoyote kwa maneno yake mwenyewe, kila siku aliniachia sahani ndani ya friji, imefunikwa, juu yake kaandika jina langu. Wali wake ulikuwa mbaya sana. Niliumaliza kila siku.

Mkataba unatoa siku 25 za semina kwa mwaka, mnakutanishwa watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Katika semina moja tulipelekwa Hamburg, eneo la Jenfeld, kwenye uwanja wa iliyokuwa kambi ya jeshi yenye jina la Lettow-Vorbeck. Kuna kuta za udongo wa kuchoma zilizowekwa wakati wa Hitler: upande mmoja askari wetu waliotumikia jeshi la Wajerumani wanatembea kwa mstari na Mjerumani wao, upande mwingine wapagazi. Mwaka 2003 pakaitwa Tansania-Park na ubishi ukazuka, kwa haki kabisa. Huyo Lettow-Vorbeck ndiye kamanda wa Kijerumani aliyeongoza vita vya Tanga, Novemba 1914, vile tunavyosimuliwa tangu utotoni kwamba nyuki nao walipigana. Binti mmoja wa Kijerumani aliyewahi kujitolea Tanzania aliniuliza najisikiaje. Nikamwambia katika ukoo wetu yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo kwenye vita ile na hakurudi, hatuna kaburi, tuna jina tu. Hakusema pole. Aliniuliza jina hilo ni lipi, akaliandika. Nilimpenda kwa hilo.

Nilikwenda na Eckernförde, nusu saa kwa treni kutoka Kiel. Tanga jina hilo tunalo midomoni kwa sababu ya shule ya sekondari, na miji hii miwili ina urafiki tangu 1963. Nilitegemea jiji. Nikakuta mji wa watu elfu ishirini na kitu, ambao ungeingia kwenye kata zetu chache ukabakisha nafasi. Tanga mjini, kwa sensa ya 2012, tulikuwa 273,332. Bandarini wanauza visamaki vya moshi vinavyoitwa kwa jina la Kiel ingawa vinakaushwa pale pale Eckernförde. Dagaa kabisa, ila wameng'aa rangi ya dhahabu. Nilikula na mkate nikitamani ndimu na pilipili.

Nilirudi Agosti 2019, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniona nimebadilika, mimi mwenyewe nikiwemo. Kijerumani kilinipatia vibarua vya kutembeza watalii mapango ya Amboni. Mwaka uliofuata mzee akapigwa na kiharusi.

Wapo waliosema ni upepo, wakaleta mtu wa kusoma, na mama akamkaribisha kwa heshima. Mimi sikupinga, kisomo hakizuii hospitali. Alilazwa, akaruhusiwa. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamebaki machache. Alirudishwa kwenye kitanda chake cha mninga, godoro la sponji lililobonyea katikati, na dada zangu wakaanza kupangana nani atamhudumia, kama kawaida ya nyumba zetu, wanawake.

Kitanda cha kupandishwa kwa umeme hatukuwa nacho. Nilikwenda kuomba matofali kwa jirani anayejenga, nikainua miguu yote minne ya kitanda mpaka kikafika kiunoni kwangu. Mito ya sufi tunayo, na ya sufi ni mizuri kwa kazi ile kuliko ya dukani kwa sababu unaweza kuipiga ikakaa umbo unalotaka. Kwa kumvutia tulitumia kanga ya mama iliyokunjwa mara mbili. Nikabandika karatasi ukutani: saa, ubavu gani, nani amegeuza, amekunywa nini. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mdogo wangu wa kiume aliandika kwenye zamu yake ya saa nane usiku, "ubavu wa kushoto, uji nusu kikombe, nasinzia."

Maneno hayakukosekana. Shangazi mmoja alimwita mama pembeni: mtoto wa kiume kumwogesha baba yake, hata mtaani mtasemwa. Na mzee mwenyewe siku ya kwanza aligeuza uso ukutani. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya pazia la chumba chake, nikapiga hodi. Nyumbani kwetu mtoto hapigi hodi kwenye chumba cha baba aliye mgonjwa, anaingia tu na beseni. Nikapiga tena. Ilichukua muda, halafu ikatoka ile sauti yake iliyokatika katikati: "Ka... ribu." Nikaingia, nikamweleza nitaanza kunawisha uso, kisha mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Nikamfunika shuka, nikawa nafunua sehemu ninayoiosha peke yake. Uso ukarudi taratibu upande wangu.

Alikaa nasi karibu miaka miwili. Alijifunza kukaa kitako, kushika kikombe kwa kushoto, kumtukana mdogo wangu anapochelewesha chai. Nesi wa kliniki aliyekuja kumwona aliomba amgeuze aangalie mgongo, akauliza hapa nyumbani nani ni muuguzi. Mama akanionyesha mimi kwa kidevu. Miezi michache baadaye nilikuwa nimejaza fomu za chuo cha uuguzi, stashahada, miaka mitatu. Mzee alifariki nikiwa bado nasoma. Mjomba aliyeongoza kumwosha aliuangalia ule mgongo, akaniangalia, akasema, "Mmemtunza," kisha akaomba maji mengine.

Sasa mimi ni muuguzi, wodi ya wanaume, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Wanakuja wanafunzi wa kigeni kufanya fildi, kutoka Ulaya na Marekani, wiki chache chache. Ni vijana wazuri, wana shauku, wengine wamelipa kampuni za kwao hela nyingi kwa ajili ya safari hiyo. Katika hospitali moja niliyopitia nikiwa mwanafunzi nilimwona mmoja wao, binti ambaye hata chuo cha udaktari alikuwa hajaanza, amepewa sindano na uzi ashone jeraha la mkono. Mgonjwa alikuwa mkulima wa machungwa kutoka Muheza, hakuulizwa, na pengine alidhani amepata bahati ya daktari wa Kizungu. Kwao binti yule asingeruhusiwa kumpa mtu kidonge. Najua, maana mimi sikuruhusiwa. Daktari wa zamu alikuwa peke yake na wodi mbili, simlaumu sana. Lakini kule Kiel pia mikono ilikuwa pungufu, tena kila siku, na bado mstari uliochorwa haukufutwa kwa sababu ya haraka.

Kwa hiyo akija mgeni wodini kwangu naanza na yasiyoruhusiwa. Kisha nampitisha kitanda hadi kitanda akajifunze kusalimia, shikamoo kwa wazee, akisubiri marahaba yake bila kukimbilia kitanda kinachofuata. Kisha shuka, kisha visigino, kisha maji. Kijana mmoja alinuna siku nne, akaniambia hakusafiri mbali hivyo kuja kutandika vitanda. Nikamwambia mimi nilisafiri mbali vilevile kwenda kutandika vya kwao. Siku ya tano alikuja mwenyewe kuniita: kuna babu kitanda cha dirishani, kisigino chake cha moto kuliko kingine. Alikuwa sahihi. Mpaka leo hutuma ujumbe kuulizia babu yule, na nimeshindwa kumwambia kwamba aliruhusiwa zamani, akarudi Pangani, wala hatuna habari zake.

Kwa wanaotaka kwenda, nasema nionavyo. Nafasi za mipango kama weltwärts haziuzwi. Anayekudai mamilioni ili akutafutie nafasi ni dalali, mkimbie. Mkataba usome wote: saa za kazi kwa wiki, zangu zilikuwa 39, siku za mapumziko, bima, semina, jina la atakayekusimamia. Mtafute aliyefanya kazi hapo hapo mwaka uliopita umuulize, si kuhusu mji, kuhusu msimamizi. Kubaki kunawezekana kwa njia halali. Mwenzangu mmoja wa semina aliingia mafunzo ya uuguzi kule kule, miaka mitatu, unasoma huku unalipwa, na sasa anafanya kazi Bremen. Hajakosea. Mimi ningekuwa Bremen, nani angeomba matofali?

Majuzi jirani yetu alikuja na bahasha, binti yake amepata nafasi kwenye chekechea moja huko Ujerumani. "Mwanangu, nisomee," akasema, akaketi barazani. Tukasoma kifungu kwa kifungu, mkewe amesimama mlangoni na binti ndani anaosha vyombo. Kwenye hela ya mfukoni aliuliza kama atakuwa anatuma nyumbani, nikamwambia asiitegemee. Kwenye msimamizi aliuliza ni mtu wa namna gani. Nikamwambia hilo binti amwandikie yule aliyetangulia, aulize. Akakunja karatasi.

"Mtihani wa lugha lini?" nikauliza.

"Mwezi ujao, Upanga."

"Basi aache vyombo, asome."

Mkewe akauliza vyombo ataosha nani. Mzee akanitazama mimi. Nikamwambia wapange zamu, na ya leo aanze yeye.